Kilo Iliyolipwa: Mwongozo kwa Mkulima wa Mboga Mbichi Anayeuza kwa Wanunuzi Wakubwa

Mkulima akishavuna hupima mzigo kwenye mizani yake, na namba ile humkaa kichwani. Mnunuzi naye ana mizani yake, na siku ya malipo inakuja namba nyingine. Ushindani wa mboga mbichi siku hizi unaamuliwa hapo katikati, kati ya mizani na mizani. Nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye banda la kufungashia mboga, upande wa kupokea mizigo, na nimeona wakulima hodari wa shamba wakiachwa nyuma na wenzao ambao mavuno yao ni ya kawaida tu. Hao waliowapita walikuwa wanapoteza kidogo njiani, na walikuwa wanaleta walichosema wataleta, siku waliyosema.

Supamaketi, kiwanda cha kukata na kuosha mboga, msafirishaji wa nje, kampuni inayolisha hospitali na abiria wa ndege: wote hao wana jambo moja linalofanana. Rafu zao na meza zao zimepangwa kabla miche yako haijatoka kitaluni. Wanalipa kwa ajili ya mboga, ndiyo, lakini wanalipa zaidi kwa ajili ya uhakika wa kuipata. Hatua zinazofuata nimezipanga kwa mtiririko wa kazi yenyewe, tangu hesabu hadi lango la mnunuzi. Kipimo ni kimoja mwanzo hadi mwisho: kilo iliyolipwa.

Hatua ya 1: Jua unapoteza wapi

Chukua daftari na mavuno ya wiki moja. Andika namba nne: kilo zilizotoka shambani, kilo zilizobaki baada ya kuchambua, kilo zilizopakiwa kwenye lori, na kilo zilizolipwa.

Tuseme umevuna kilo 1,000. Kuchambua kumeondoa 120 zilizopasuka, zilizotobolewa na wadudu au zilizokomaa kupita kiasi. Zimebaki 880. Zimelala bandani usiku mmoja zikapungua 30 kwa kunyauka. Zimepakiwa 850, mnunuzi akakataa 120, ukalipwa kwa 730. Mbegu, mbolea, maji, vibarua na mafuta ya gari ulivitumia kwa kilo 1,000, lakini mzigo wote wa gharama hizo unabebwa na zile 730. Ukifika 830 bila kuongeza hata mche mmoja, gharama ya kila kilo iliyolipwa inashuka kwa takriban asilimia 12. Ni mkulima gani anaweza kupunguza bei ya mbolea kwa kiasi hicho?

Uzuri wa namba hizi nne ni kwamba zinakuonyesha mahali penye tatizo. Kama kilo nyingi zinaangukia kwenye kuchambua, tatizo liko shambani: aina ya mbegu, wadudu, umwagiliaji, au umechelewa kuvuna. Zikipungua bandani, ni joto na unyevu. Zikikataliwa langoni, huenda mboga yako ni nzuri kabisa ila hukuelewana na mnunuzi juu ya kile anachokiita kizuri.

Watu hudharau kunyauka kwa mboga, nami nalitaja jambo hili mapema kwa makusudi. Mboga nyingi ni maji kwa asilimia 80 hadi 95. Majani yakipoteza asilimia 3 hadi 5 ya uzito wake huwa yameshalegea. Hapo unapoteza mara mbili: kwanza uzito wenyewe, kisha daraja.

Hatua ya 2: Mnunuzi kwanza, mbegu baadaye

Kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote ni kupanda kisha kutafuta soko. Mboga ikishakomaa, mwenye haraka ni wewe, na bei inapangwa na asiye na haraka.

Kabla ya kununua mbegu, mwombe mnunuzi vigezo vyake kwa maandishi. Usiridhike na maneno kama "zuri" au "kubwa kiasi". Unataka kipenyo au urefu kwa milimita, uzito wa chini na wa juu, rangi katika hatua gani ya kuiva, na idadi ya kasoro zinazovumilika katika kila mia. Uliza kreti au boksi gani, kilo ngapi ndani yake, saa za kupokea mizigo, na joto la mboga yenyewe inapofika. Kisha uliza swali ambalo wengi huona haya kuliuliza: nani anaamua kukataa mzigo, anaukagua vipi, na mzigo uliokataliwa unakwenda wapi?

Usidhani kwamba sheria ya nchi ndiyo kigezo. Umoja wa Ulaya uliwahi kuwa na viwango vya kisheria vya umbo na ukubwa kwa aina 36 za matunda na mboga. Tarehe 1 Julai 2009 viwango vya aina 26 kati ya hizo viliondolewa, likiwemo tango lililopinda lililochekwa sana magazetini. Hata hivyo wanunuzi wengi waliendelea kutaka tango lililonyooka, kwa sababu lina faida ya kikazi: linapangika vizuri kwenye boksi, idadi yake inajulikana bila kupimwa, na halisagani na wenzake njiani. Ukijua sababu ya kigezo, unaweza kujadiliana. Mnunuzi wa kiwanda cha kukata hana shida na tango lililopinda; anachotaka ni kipenyo kinachoingia kwenye mashine.

Ukishapata vigezo, chagua aina ya mbegu inayovitimiza katika udongo wako na hali yako ya hewa. Jaribu kwanza eneo dogo. Aina inayozaa sana lakini ngozi yake ni laini haifai safari ndefu, hata muuza mbegu aisifie vipi.

Hatua ya 3: Panga kuanzia siku ya kupeleka, rudi nyuma

Mnunuzi anataka kilo 600 kila wiki. Daftari lako linasema kati ya kilo 100 unazovuna hulipwa 75. Basi unahitaji kuvuna 800. Ongeza asilimia 10 kwa ajili ya wiki mbaya, inakuwa 880. Kama kila mita ya mraba inakupa kilo 2, wiki ile inahitaji mita za mraba 440 zilizo tayari. Hesabu hii ni nyepesi mno, lakini ni wachache niliowakuta wameiandika ukutani.

Kuna mtego hapa unaostahili kuelezwa kwa urefu. Shamba linalopandwa kila Jumatatu halivuniki kila Jumatatu. Mmea hauna kalenda, unahesabu joto. Msimu unapotoka kwenye baridi kuelekea joto, zao la wiki ya pili hulikimbiza la wiki ya kwanza, na yote mawili yanakomaa karibu pamoja. Wiki moja umefurikwa, wiki inayofuata huna kitu, na mnunuzi anaanza kumpigia simu jirani yako.

Wakulima wa njegere za viwandani walitatua jambo hili zamani kwa kujumlisha joto la kila siku. Unachukua joto la juu na la chini la siku, unatafuta wastani, kisha unatoa kiwango cha joto ambacho chini yake mmea haukui. Kwa njegere hutumika mara nyingi nyuzijoto 4.4. Siku yenye wastani wa nyuzijoto 20 inaingiza 15.6 kwenye akaunti ya mmea. Unapanda fungu linalofuata pale jumla inapofikia kiasi ulichojiwekea, si pale wiki inapoisha. Usipotaka hesabu, tumia kumbukumbu za misimu miwili: tarehe ya kupanda, tarehe ya kuvuna, siku zilizopita katikati. Baada ya muda utaona mwenyewe miezi ipi uachanishe siku nne na ipi uachanishe kumi.

Miche ya kitalu kwenye trei husaidia kukomaa kwa pamoja kuliko mbegu zilizomwagwa shambani, na kukomaa kwa pamoja kunapunguza idadi ya vibarua wanaopita mstari uleule mara tatu.

Hatua ya 4: Usalama, na daftari linaloweza kukutetea

Mei 2011 ugonjwa wa bakteria aina ya E. coli ulilipuka kaskazini mwa Ujerumani. Watu zaidi ya 50 walikufa na karibu 4,000 waliugua. Siku za mwanzo wenye mamlaka walinyooshea kidole matango kutoka Hispania. Maagizo yakafutwa, malori yakarudishwa, mboga zikaozea mashambani, na si za Hispania peke yake. Baadaye ikabainika kwamba chanzo kilikuwa mbegu za uwatu zilizochipushwa kwa ajili ya kuliwa mbichi. Matango hayakuwa na hatia. Umoja wa Ulaya ulitoa fidia ya zaidi ya euro milioni 200 kwa wakulima, lakini mzigo ulioozea shambani haurudi.

Tangu hapo kila mnunuzi mkubwa anajua kwamba tetesi moja inaweza kumfungia soko, hivyo anakwepa mkulima asiyeweza kuonyesha mboga ilitoka kipande gani cha shamba na nani aliigusa. Sheria nazo zinasukuma upande huohuo. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 178 ya mwaka 2002 inamtaka kila mfanyabiashara wa chakula ajue hatua moja nyuma na hatua moja mbele: nani alimpa, na yeye alimpa nani. Nchini Marekani, kanuni iliyochapishwa Novemba 2022 inataka kumbukumbu za vyakula kadhaa, zikiwemo mboga za majani, nyanya, hoho na matango, zipatikane ndani ya saa 24 zikihitajika.

Anza kwa kulipatia kila fungu namba yake. Namba rahisi inatosha: kipande cha shamba na siku ya mwaka. Mavuno ya kipande cha 7 siku ya 184 ni 07-184. Namba hiyo iandikwe kwenye kreti, kwenye hati ya kupakia, na kwenye daftari lenye mbegu, mbolea, dawa, chanzo cha maji na majina ya wavunaji. Kisha jipime. Chukua kreti moja bila kuchagua, mpe mtu asiyehusika, mwambie akuulize ilipuliziwa lini na ndugu zake wamekwenda wapi. Kama hukujibu ndani ya saa mbili, daftari lako lina tundu.

Dawa za kuua wadudu na ukungu zinahitaji nidhamu ya pekee. Kila kibandiko cha dawa kina siku za kusubiri kati ya kupulizia na kuvuna. Mnunuzi wa nje anaweza kuwa na kikomo kikali zaidi ya cha kwenu: katika Umoja wa Ulaya, kiuatilifu kisichowekewa kikomo mahususi kwa zao fulani huhesabiwa kwa miligramu 0.01 kwa kilo, kiasi ambacho ni kama kusema kisionekane kabisa. Ajali niliyoiona zaidi ya mara moja haikutokana na ubaya wa moyo. Nusu ya kipande ilipuliziwa Jumanne, na Alhamisi kundi la wavunaji wasioambiwa wakaingia nusu ileile. Tundika kitambaa chekundu kwenye kila kipande kinachosubiri, na akiondoe yule aliyepulizia tu, baada ya kusaini.

Maji yanayogusa sehemu inayoliwa yapimwe maabara, hasa ya mto, bwawa na kisima kifupi. Maji ya matone yanayofika kwenye mizizi yana hatari ndogo kuliko yanayomwagwa juu ya majani. Samadi mbichi iwekwe mapema. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka ipite siku 120 kabla ya kuvuna mazao ambayo sehemu inayoliwa inagusa udongo, na 90 kwa yasiyougusa; ni kipimo kizuri hata kwa asiye mkulima wa kilimo hai. Choo na maji ya kunawia viwe karibu na wavunaji. Choo kikiwa nusu saa kutoka shambani, hakuna bango litakalomfanya mtu akiendee.

Kuhusu vyeti vya kilimo bora: kile kinachoombwa zaidi katika biashara ya kimataifa ni GLOBALG.A.P., kilichoanzishwa mwaka 1997 na wauzaji wa rejareja wa Ulaya kwa jina la EUREPGAP na kubadilishwa jina mwaka 2007. Ushauri wangu ni kwamba usilipie cheti kabla hujampata mnunuzi anayekihitaji. Lakini kumbukumbu anza kuziweka leo, kwa maana mkaguzi atataka kuziona za nyuma. Na wakulima wadogo wanaweza kuthibitishwa kama kikundi chini ya usimamizi mmoja, jambo linalopunguza gharama kwa kila mmoja.

Hatua ya 5: Vuna kwa saa

Vuna alfajiri au asubuhi na mapema, mmea ukiwa na maji na joto likiwa chini, lakini majani yasiwe yamelowa umande kiasi cha kuoza ndani ya kreti. Visu vikali na safi. Kucha fupi. Mvunaji aweke mboga, asiitupe. Nyanya iliyogongwa leo haionyeshi doa hadi kesho kutwa, na kesho kutwa iko kwa mnunuzi. Chambueni hapohapo shambani ili mboga iguswe mara chache. Kreti iliyojaa isogezwe kivulini mara moja, ifunikwe kwa kitambaa cheupe, isikae chini kwenye udongo.

Lipa kwa ubora. Kibarua anayelipwa kwa idadi ya kreti peke yake atajaza kreti.

Hatua ya 6: Toa joto

Hapa naomba msomaji asiwe na haraka, kwa sababu fedha nyingi zinavuja hapa kimyakimya.

Mboga iliyokatwa bado inapumua. Inachoma sukari yake, inatoa joto, inazeeka. Kwa kila nyuzijoto 10 zinazopanda, kasi hiyo huongezeka mara mbili hadi tatu. Saladi iliyo kwenye nyuzijoto 30 inazeeka angalau mara nane kuliko iliyo karibu na sifuri. Saa moja ya jua asubuhi inaweza kula karibu siku nzima ya rafu, na mnunuzi ananunua siku za rafu.

Lakini baridi nayo haigawiwi sawa kwa wote. Saladi, brokoli, kabichi na karoti hutaka karibu nyuzijoto 0, na hewa yenye unyevu wa asilimia 95 au zaidi. Maharage machanga hukaa vizuri kati ya 5 na 7.5. Hoho na bamia 7 hadi 10. Tango na biringanya 10 hadi 12. Nyanya iliyoiva karibu 10, na ile iliyokomaa ikiwa bado kijani 12.5 hadi 15. Tango likikaa siku kadhaa kwenye nyuzijoto 4 linatoka likionekana zima, kisha linaota vishimo na kuwa la maji likifika kwenye rafu. Nyanya ya kijani iliyopigwa baridi haiivi sawasawa na ladha yake inakufa. Madhara hujitokeza baada ya kutoka baridini, kwa hiyo lawama humwangukia wa mwisho kuishika, kisha inarudi kwako ikiwa na ankara iliyokatwa.

Kuna na gesi ya ethilini, inayotolewa na nyanya zinazoiva, matikiti ya asali, tufaha na matunda mengine mengi, na pia na moshi wa injini. Gesi hiyo huyafanya matango na brokoli kugeuka manjano, saladi kupata madoa ya kahawia, na karoti kuwa chungu. Chumba kimoja cha baridi kinachohifadhi kila kitu pamoja kinaweza kuharibu zaidi ya kisichokuwepo. Kama una chumba kimoja tu, chagua mazao yanayoelewana, na uuze mengine siku ileile ya kuvuna.

Jinsi ya kutoa joto inategemea zao na mfuko wako. Kuweka kreti kwenye chumba cha baridi na kungoja ndiyo njia ya polepole kuliko zote. Katikati ya kreti joto linaweza kubaki hadi kesho yake. Ukipanga kreti safu mbili, ukafunika juu kwa turubai na kuweka feni inayovuta hewa baridi ipite kwenye matundu ya kreti, muda hushuka hadi saa chache. Huo ni uwekezaji mdogo kuliko watu wanavyofikiri, maana chumba ni kilekile. Karoti na mahindi machanga hupoa haraka kwa maji baridi. Mashamba makubwa ya saladi hutumia mashine za ombwe zinazopoza paleti nzima (jukwaa la kupangia kreti, pamoja na mzigo wake) kwa takriban nusu saa.

Maji ya kupozea au kuoshea yakirudiwarudiwa bila dawa huwa ni supu ya kusambaza uozo kutoka tunda moja hadi mia. Klorini hufanya kazi vizuri pale pH ya maji, yaani kipimo cha uchachu wake, ikiwa kati ya 6.5 na 7.5; pima yote mawili, klorini na pH, na badilisha maji yanapochafuka. Nyanya ya moto usiitumbukize kwenye maji ya baridi: hewa ndani yake husinyaa na kuvuta maji, pamoja na vijidudu, kupitia kovu la kikonyo. Maji ya kuoshea nyanya yawe na joto kama nyuzi 5 zaidi ya nyanya yenyewe.

Na lori lenye jokofu? Jokofu la lori limeundwa kutunza baridi iliyopo, halina nguvu ya kupoza mzigo wa moto. Ukipakia mboga za nyuzijoto 28 kwenye lori lililowekwa 5, utafika na mboga za moto na hati inayosema lori lilikuwa 5. Choma kipimajoto ndani ya mboga yenyewe kabla ya kupakia, andika namba.

Asiye na umeme bado ana njia. Kivuli kizuri, mavuno ya alfajiri, safari ya usiku. Kwenye hewa kavu, chumba cha kuta mbili za matofali chenye mchanga unaoloweshwa katikati, kilichobuniwa na watafiti nchini India, hushusha joto kwa nguvu ya maji yanayovukizwa na huweka unyevu ambao mboga za majani zinaupenda. Kwenye hewa yenye unyevu mwingi, kama ya mwambao, faida yake ni ndogo.

Hatua ya 7: Funga kwa ajili ya safari

Gunia na kapu kubwa ni adui wa mboga. Zile za chini zinabeba uzito wa zile za juu. Tumia kreti za plastiki zinazopangika. Ukubwa wa sentimita 60 kwa 40 umeenea kwa sababu nne zinajaza safu moja ya paleti ya 120 kwa 80 bila pengo, na tano zinajaza ile ya 120 kwa 100. Usijaze kupita ukingo. Kreti ya juu iketi juu ya plastiki, si juu ya mboga. Zioshwe kila zinaporudi.

Lebo iwe na jina la zao, daraja, uzito, namba ya fungu, tarehe ya kufunga na anayefunga. Mnunuzi akitaka msimbo pau, mwombe akueleze muundo anaoutumia kabla hujachapisha maboksi elfu mbili.

Hatua ya 8: Kwenye lango la mnunuzi

Migogoro mingi ya kukataliwa mzigo huzaliwa kwa kukosa ushahidi. Piga picha mzigo ukiwa umepakiwa, na mlango wa lori ukifungwa. Andika joto la mboga na saa. Hati ya kupakia isainiwe na dereva. Hati ya kupokea isainiwe langoni, ikiwa na idadi na hali. Mzigo ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi pamoja na picha siku ileile, na mkataba useme muda wa mwisho wa kukataa. Kwa mboga za majani saa 24 ni nyingi. Nilimfahamu mkulima aliyeambiwa siku ya tano kwamba mzigo wake ulikuwa mbovu, wakati bei ya soko ilikuwa imeshuka siku ya tatu.

Soma sehemu ya malipo na makato kwa makini kuliko sehemu ya bei. Kuna mikataba inayompa mkulima bei nzuri kisha inamkata kwa ajili ya matangazo, kwa ajili ya mabaki yasiyouzika, na kwa ajili ya "huduma". Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 633 ya mwaka 2019 inawakataza wanunuzi wakubwa kuwalipa wauzaji wadogo wa bidhaa zinazoharibika upesi baada ya siku 30, na kufuta oda kwa taarifa isiyofika siku 30. Uingereza tangu 2013 ina msuluhishi maalumu anayesimamia mwenendo wa maduka makubwa kwa wauzaji wao wa moja kwa moja. Hata kama unauza mahali pasipo na kinga ya namna hiyo, masharti hayo yanakupa mfano wa kuweka mezani.

Na usimpe mnunuzi mmoja zaidi ya nusu ya mavuno yako kama unaweza kuepuka. Tafuta pia mahali pa daraja la pili kabla hujavuna: kiwanda cha mchuzi, jiko kubwa, soko la wazi. Kreti ya nyanya ndogo yenye mnunuzi inaingia kwenye safu ya kilo zilizolipwa. Isiyo naye inaingia kwenye jaa.

Hatua ya 9: Unganeni pale peke yako hufiki

Mwaka 1887, katika mji wa Broek op Langedijk nchini Uholanzi, wakulima wa mboga walianza kuuza mazao yao kwa mnada badala ya kila mmoja kubembelezana na mchuuzi wake. Mfumo huo ukakua kwa zaidi ya karne. Kisha maduka makubwa yakawa machache na yenye nguvu, yakataka mzigo mkubwa wa sifa moja kwa mwaka mzima, na mnada haukuundwa kwa kazi hiyo. Mwaka 1996 minada kadhaa ya mboga na matunda ya nchi hiyo ikaungana kuwa kampuni moja ya kuuza kwa niaba ya wakulima, The Greenery. Mnunuzi amebadilika, nao wakabadilisha chombo.

Kikundi chenu si lazima kifike huko. Anzeni na kitu kinachomshinda kila mmoja peke yake: chumba cha baridi, lori, mtu wa kuandika kumbukumbu, upimaji wa maji. Kubalianeni vigezo vya daraja na mtu mmoja wa kuchambua asiye na shamba lake kwenye mzigo huo. Vikundi vingi huvunjika kwa sababu moja: mwenye mboga nzuri anachoka kulipwa sawa na mwenye mboga mbovu. Kila kreti ibaki na namba ya mwenyewe hadi malipo.

Andikeni pia adhabu ya anayeuza pembeni bei ya soko inapopanda, na muiandike bei ikiwa bado chini.

Hatua ya 10: Habari mbaya iende mapema

Mvua ya mawe itapiga. Pampu itakufa. Kuna wiki utakuwa na kilo 350 badala ya 600. Mnunuzi anaweza kuvumilia upungufu akiujua Jumatatu, kwa kuwa bado ana muda wa kujaza pengo kwingine. Akiujua Alhamisi lori likiwa langoni, amebaki na rafu tupu na bosi wa kumweleza.

Kwa hiyo pita shambani siku kumi kabla ya kila upelekaji, hesabu mimea kwenye mistari mitano uliyoichagua bila upendeleo, pima uzito wa michache, kadiria. Ukiona upungufu wa zaidi ya asilimia 10, piga simu siku hiyohiyo na uwe na mambo matatu mdomoni: kiasi utakacholeta kwa hakika, siku utakayorudi kwenye kiwango, na mkulima mwenzako mwenye vigezo sawa anayeweza kujazia. Kisha thibitisha kwa ujumbe wa maandishi. Makadirio hayo nayo yaandike kwenye daftari, kando ya kilo zilizolipwa wiki ile, ili msimu ujao ujue jicho lako hukosea kwa kiasi gani na upande gani.